Kura si kitenge: wamama wa Manitoba walivyopima ahadi za vyama

Ukurasa wa Mwalimu



Juma lililopita niliwaahidi kuandika juu ya kumsaidia mtoto kufanya kazi ya masomo nyumbani. Hiyo itangoja kidogo. Siku ya posho, kwenye likilimba letu, alifika kijana mmoja na mfuko wa vitenge. Alisema vimetoka kwa mtu fulani anayetafuta kiti cha mbunge wa jimbo. Kampeni yenyewe ilikuwa haijafunguliwa. Vitenge vilikuwa 12, sisi wamama tulikuwa 23. Mnaweza kujua wenyewe kilichofuata. Hata daftari la kuandikia feza halikufunguliwa siku ile, na wamama wawili ambao toka mwaka jana wanakaa benchi moja walirudi nyumbani bila kuagana.

Hakuna hata mmoja wetu aliyemuuliza yule kijana: huyo mtu anataka kwenda kufanya nini kule? Mimi mwenyewe, mwalimu, sikuuliza. Nilikuwa ninaangalia rangi.

Usiku nilikumbuka simu za mdogo wangu, nikaona haya. Ninataka kuwaelezea yale aliyoniambia, kwa sababu yanatuhusu kabla ya siku ya kura.

Mdogo wangu anaishi Winnipeg, mji mkuu wa jimbo la Manitoba, katikati ya Kanada. Alifika huko na mume wake na watoto baada ya miaka ya kambi ya wakimbizi. Kule, mtu aliyepewa ukaazi wa kudumu anafanya kazi, analipa kodi, anapeleka watoto kwenye masomo, lakini hapigi kura. Kura ni ya raia mwenye miaka 18 au zaidi, aliyekaa katika jimbo kwa muda wa miezi sita. Mwaka wa 2023 ndipo alipata uraia. Basi uchaguzi wa jimbo wa tarehe 3 Oktoba ulikuwa kura yake ya kwanza katika nchi ile.

Mwezi wa tisa alinipigia saa nane ya usiku wetu, kwao jua lilikuwa linazama. Akaniuliza: “Yaya, nichague nani?” Nikamjibu: “Mimi niko Bukavu, nitajuaje?” Akacheka: “Basi nisikilize tu. Nitajua nikisema.” Kwa hiyo nilisikiliza, usiku mmoja, wa pili, wa tatu.

Kwanza tuelewe jambo moja. Bunge la Manitoba lina viti 57. Kila eneo linachagua mtu mmoja. Hakuna karatasi ya pekee ya kuchagua kiongozi wa jimbo: chama chenye viti vingi ndicho kinaunda serikali, na kiongozi wake anakuwa waziri mkuu wa jimbo. Serikali hiyo ndiyo inashika hospitali, masomo, barabara na sehemu kubwa ya kodi. Kwetu si mbali sana na hapo. Tarehe 20 Desemba 2023 tulichagua kwa siku moja rais, wabunge wa taifa, wabunge wa jimbo, na katika mji kama wetu washauri wa komine. Lakini gavana hatumchagui sisi. Wanamchagua wale wabunge wa jimbo, pamoja na maseneta. Kwa hiyo mtu tunayempa kura juu ya kitenge ndiye atakayetuchagulia gavana. Mlishakaa mkafikiri hilo?

Vyama vilivyokuwa vinashindana sana kule ni viwili. Chama cha Progressive Conservative, tukiite Wahafidhina, kilikuwa kinatawala toka mwaka wa 2016, na kiongozi wake alikuwa mama, Heather Stefanson. Chama cha New Democratic Party, yaani NDP, kiliongozwa na Wab Kinew, mtu wa Mataifa ya Kwanza, wenyeji wa nchi ile kabla ya wazungu kufika. Cha tatu, cha Liberal, kilikuwa kidogo.

Mdogo wangu na wamama wengine waliotoka huku kwetu wanakutana Siku ya Mungu baada ya ibada, nyumbani kwa mmoja wao, wanapika bugari na sombe ya kugandishwa inayouzwa katika duka la Waafrika. Mwezi ule wote, jikoni mle, hakukuwa na habari nyingine. Na kila mama alikuwa na jambo lake.

Wa kwanza anafanya kazi ya usiku katika nyumba ya wazee. Kwake yeye, jambo lilikuwa hospitali. Kati ya mwaka wa 2017 na 2019, serikali ya Wahafidhina ilifunga vyumba vya wagonjwa wa haraka katika hospitali tatu kati ya sita za Winnipeg: Victoria, Seven Oaks na Concordia. Zikabaki kupokea wagonjwa wasio katika hatari ya kufa. Sababu waliyotoa ilikuwa kwamba waganga na mashini vikikusanywa mahali pachache, mgonjwa atangoja muda mfupi. Miaka ikapita, watu wakaona bado wanangoja saa nyingi. NDP ikaahidi kufungua tena vyumba vile vitatu, kimoja baada ya kingine. Wamama wote jikoni wakafurahi, lakini yule wa nyumba ya wazee hakufurahi. Aliuliza: “Manesi watatoka wapi? Mahali ninapofanya kazi, mwenzangu akiugua, ninabaki peke yangu na wazee wote. Mlango kila mtu anaweza kuufungua. Lakini ndani atakaa nani?”

Nililipenda sana swali lake. Tuliweke pembeni, tutalirudilia.

Wa pili, mume wake ni dereva wa lori. Kwake yeye, jambo lilikuwa feza. Wahafidhina waliahidi kupunguza kwa nusu kiwango cha chini kabisa cha kodi ya mapato, kutoka 10.8 mpaka 5.4 kwa mia, kwa muda wa miaka minne. NDP waliahidi kuondoa kwa muda kodi ya jimbo kwenye esanse, senti 14 kwa litre moja. Zote mbili zinasikika tamu. Lakini hapo mama mmoja aliyefika huko zamani aliwakumbusha hadithi. Katika uchaguzi wa mwaka wa 2011, NDP yenyewe, wakati ule ikiongozwa na Greg Selinger, iliahidi kwamba haitapandisha kodi. Mwaka wa 2013 ikapandisha kodi ya manunuzi kutoka 7 mpaka 8 kwa mia. Wananchi hawakusahau, mwaka wa 2016 wakaitoa. Wahafidhina wakairudisha kwenye 7 mwaka wa 2019. Basi yule mama akasema: “Anayeniahidi kuondoa kodi, ninamuuliza mambo mawili. Mara iliyopita ulifanya nini? Na feza utakazozikosa, utazitoa kwenye hospitali ama kwenye masomo?”

Wa tatu, jambo lake lilikuwa watoto, na hapo nilikaa vizuri kitandani kusikiliza, kwa sababu ni kazi yangu. Wahafidhina waliahidi kuongeza haki za wazazi katika masomo: mzazi ajue mtoto anafundishwa nini, apewe habari mtoto anapoteswa na wenzake, ajue ni nani wa nje anakuja kuongea darasani. Mama mwenye vijana watatu alisema: “Mtoto ni wangu. Sherti nijue.” Wengi walikubali. Lakini wengine waliona hatari. Mwaka ule ule wa 2023, katika majimbo ya New Brunswick na Saskatchewan, serikali ziliweka kanuni juu ya watoto wanaotaka kuitwa jina jingine shuleni, ama kuitwa mvulana ama msichana tofauti na walivyoandikwa. Waalimu wengi waliogopa kwamba mtoto asiye na amani nyumbani anaweza kupata shida kubwa. Watu wakajiuliza kama Manitoba inakwenda njia hiyo.

Juu ya jambo hilo, wamama wa jikoni hawakupatana, na mimi sitawalazimisha ninyi kupatana. Lakini mdogo wangu alileta habari ambayo wengi waliisahau. Mwaka wa 2021 chama kile kile kilileta sheria, namba 64, ya kuondoa karibu kamati zote za masomo zinazochaguliwa na wananchi, mahali ambapo mzazi anaweza kusimama na kusema. Wazazi na waalimu walikataa kwa nguvu, na sheria ile ikaondolewa. Basi uliza: chama kilichotaka kunipa haki ya mzazi mwaka wa 2023, mbona miaka miwili nyuma kilitaka kuninyima mahali pa kusemea? Labda kilijifunza. Labda hapana. Lakini swali ni halali.

Mimi kama mwalimu ninasema hivi: mzazi anapashwa kujua. Ila haki ya mzazi ninaipima kwa mlango. Mlango wa darasa langu uko wazi saa sita na nusu kila siku, na katika mwaka mzima uliopita wazazi walioingia ninaweza kuwahesabu kwa vidole vya mikono miwili.

Wa nne alikuwa mama mzee, na jambo lake liliwanyamazisha wote.

Mwaka wa 2022, polisi ya Winnipeg ilimshtaki mtu mmoja kwa kuua wanawake wanne wa Mataifa ya Kwanza. Polisi walisema wanaamini kwamba miili ya wawili kati yao ilichukuliwa na gari za takataka mpaka jalala kubwa la Prairie Green, nje ya mji. Wale walikuwa watoto wa watu, walikuwa wamama. Watoto wao waliomba jambo moja tu: mtafuteni mama yetu, tumzike. Uchunguzi uliofanywa na wataalamu ulisema kutafuta kunawezekana, lakini kunaweza kuchukua mpaka miaka mitatu na kugharimu mpaka dola milioni 184, na kwamba mle mna vitu vyenye sumu. Mwezi wa saba mwaka wa 2023, Bi Stefanson alisema serikali yake haitaunga mkono kazi hiyo, kwa sababu ya usalama wa wafanyakazi na kwa sababu hakuna uhakika wa kupata kitu. NDP ilisema itatafuta. Halafu, juma za mwisho za kampeni, Wahafidhina waliweka matangazo makubwa barabarani na katika magazeti, wakiomba kura kwa kukataa kule kule.

Mama mmoja jikoni alisema kwa upole: “Milioni 184 zinaweza kujenga hospitali. Walio hai wana haja pia.” Hakuna aliyemtukana, kwa sababu hakusema upumbavu. Feza za wananchi zinahesabiwa. Lakini mama mzee, aliyekimbia Kivu na hakurudi kuona kaburi la mume wake wala la mtoto wake wa pili, aliweka kijiko chini. Akasema: “Kama mle jalalani wangekuwa mabinti za wakubwa, wangehesabu feza kwanza? Na kama wanaona kweli kwamba haiwezekani, waseme hivyo wakilia. Hawapashwi kuliandika barabarani kusudi wapate kura.”

Mdogo wangu aliniambia mimi nami nilinyamaza kwenye simu, akafikiri mtandao umekatika.

Sasa wamama, hapo kuna jambo linalotugusa sisi wa shirika. Kila mwaka tunasema: wanawake tuwachague wanawake. Nimelisema mimi mwenyewe, na nitalisema tena, kwa sababu orodha za wanaume watupu zimetuchosha. Lakini angalieni. Manitoba ndiyo jimbo la kwanza la Kanada kuwapa wanawake kura, tarehe 28 Januari 1916. Mama Nellie McClung na wenzake waliipigania kwa akili: mwaka wa 1914 walicheza mchezo katika ukumbi wa Winnipeg, wanawake wakakaa kama bunge, na wanaume wakaja kuwaomba ruhusa ya kupiga kura. Watu walicheka, na waliocheka wakaelewa. Lakini kura ile ya 1916 haikuwafikia wanawake wa Mataifa ya Kwanza waliokuwa chini ya sheria ya Wahindi. Hao waliipata kura ya jimbo lile mwaka wa 1952 tu. Na mwaka wa 2021, Bi Stefanson alipokuwa mwanamke wa kwanza kuongoza serikali ya Manitoba, wanawake wengi walishangilia. Miaka miwili baadaye, mwanamke yule ndiye aliyewaambia watoto wa wamama wale wawili kwamba hapana. Kuwa mwanamke ni mwanzo mzuri. Haitoshi. Mgombea mwanamke naye tunapashwa kumuuliza.

Na yule wa upande wa pili hakuwa malaika. Wab Kinew, alipokuwa kijana, alihukumiwa kwa kuendesha gari akiwa amelewa na kwa kumpiga dereva wa teksi. Baadaye alisamehewa kisheria, na mwenyewe ameandika juu ya maisha yake ya zamani. Wahafidhina waliwakumbusha wapiga kura jambo hilo mara nyingi. Mdogo wangu alisema: “Yaya, hapo ndipo nilipata shida zaidi. Nina wavulana. Nitawaambia nini?” Tulikaa tunazungumza mpaka jogoo. Mwishoni aliona kwamba swali halikuwa kama mtu alianguka. Swali lilikuwa: alikiri? Aligeuka? Na toka siku ile, watu walimwona anafanya nini?

Tarehe 3 Oktoba walipiga kura. NDP ilipata viti 34, Wahafidhina 22, Liberal kimoja. Tarehe 18 Oktoba Kinew aliapishwa, mtu wa kwanza wa Mataifa ya Kwanza kuongoza serikali ya jimbo katika Kanada. Wizara ya afya alipewa Uzoma Asagwara, nesi kwa kazi, ambaye wazazi wake walitoka Nigeria. Siku ile vyumba vya hospitali vilikuwa havijafunguliwa bado. Jalala lilikuwa halijachimbwa bado. Hapo ndipo ahadi zilianza kupimwa.

Nilimuuliza mdogo wangu alimchagua nani. Akanijibu: “Kura ni siri, yaya, hata kwako.” Lakini alinituma picha ya ukurasa wa daftari la mtoto wake. Amepiga mistari. Upande wa kushoto ameandika ahadi za chama kilichoshinda, moja moja. Upande wa kulia ameacha nafasi tupu, na juu yake ameandika: 2024, 2025, 2026, 2027.

Nilipoona ukurasa ule, nilirudi kufikiri vitenge vyetu 12.

Msiniambie kwamba kule ni Kanada, huku ni Congo. Ninajua. Kule barabara zina taa, na watu hawaendi kupiga kura wakiogopa risasi. Lakini maswali ya wale wamama hayakuhitaji umeme. Yaliulizwa jikoni, sombe ikiwa motoni, na watu waliotoka kwenye mitaa hii hii yetu.

Tena sisi tumeshaona ahadi kubwa ikitimizwa, na tumeona pia nini kinatokea maswali yasipoulizwa. Katiba yetu ya mwaka wa 2006 ilisema masomo ya msingi ni bure katika mashule ya serikali. Tulingoja mpaka mwezi wa tisa wa 2019 kuona hilo likianza. Watoto waliokuwa wanauza maji barabarani waliingia darasani, na mimi nilimshukuru Mungu. Lakini waliingia katika darasa lile lile, na mwalimu yule yule. Benchi ya watoto watatu ikakaliwa na watano, wengine wakakaa chini. Ahadi ilikuwa njema. Kile tulichosahau kuuliza ni swali la mama wa nyumba ya wazee: mlango utafunguliwa, ndani atakaa nani, na atakaa juu ya nini?

Basi nimeyakusanya maswali ya wale wamama yakawa manne. Myaandike nyuma ya daftari la likilimba:

1. Unataka kufanya nini hasa, na wapi? “Nitaleta maendeleo” si jibu. “Nitasukuma bajeti ya maji ya mtaa huu” ni jibu.
2. Feza zitatoka wapi, na ni kazi gani itapungukiwa?
3. Nani ataifanya kazi yenyewe? Waalimu, manesi, mafundi, wapo?
4. Mara iliyopita, ulipokuwa na nafasi, hata ndogo, ulifanya nini? Na ulipokosea, ulikiri?

Nilimpelekea mwenyekiti wetu maswali haya juzi. Alisoma, akanyamaza, kisha akasema vitenge viko kabatini kwake, na havitagawanywa. Kijana akirudi, ataambiwa amwite mwenye vitenge. Aje mwenyewe, akae kwenye benchi kama sisi, ajibu, na katibu aandike ahadi zake na tarehe. Akikataa kuja, achukue mzigo wake. Wengine hawakufurahi, nami ninawaelewa: kitenge kinaonekana, ahadi haionekani. Lakini kitenge kitapauka kabla ya mvua za mwaka ujao, na mbunge atakaa miaka mitano.

Wale wamama wawili hawajasemezana bado. Siku ya posho ijayo nitakaa katikati yao.

Juma lijalo, na safari hii kweli, tutazungumza juu ya kazi ya masomo nyumbani. Mbaki na amani.

Mwalimu wenu